Swali la Kwanza la Mahakama

Mtu aliyenieleza kwamba zamani Kanisa halikuwahesabu wachawi kuwa wazushi alikuwa anapiga pasi suruali yake ya kijivu. Ilikuwa Jumamosi mchana, mtaa wa Umbilo, ghorofa ya tatu, na mlango wake ulikuwa wazi kwa ajili ya joto. Nilisimama kizingitini na sinia ya chapati zilizotumwa na Mama Mdogo, chapati ambazo nilijua hatazila. Hakula kamwe chakula kilichopikwa na mtu mwingine. Alizipokea kwa adabu zote, akazifunika, akaziweka juu ya friji. Sinia ingerudi ikiwa safi, na hakuna ambaye angeuliza chapati zimekwenda wapi.

Jengo zima tulimwita Mwalimu. Huko Bukavu alikuwa akifundisha historia ya Kanisa katika seminari. Hapa Durban alikuwa mkalimani, na kila Mkongo au Mrundi aliyeitwa hospitali au ofisi ya wakimbizi aliujua mlango wake. Namwandika kwa sababu kuna Jumapili moja ambapo kuendelea kwangu kuishi kwa Mama Mdogo, na kuendelea kuitwa mtu mzima mwenye akili zake badala ya kuitwa mchawi, kulitegemea kinywa chake peke yake. Nilipona. Lakini kwa muda mrefu sikujua kwa nini alinisaidia, na nilipojua, sikupata nafuu niliyoitarajia.

Inabidi nijieleze kidogo. Nilikuwa msusi katika saluni moja ya Overport. Kusuka nilijifunza peke yangu, kwa kufumua nywele za watu na kuangalia zilivyopita, na Kifaransa nilijifunza hivyohivyo, kwa kufumua sentensi. Sikuweza kuvumilia kosa. Mstari wa kichwa ukipinda kidogo nilifumua kichwa kizima, mteja akinung'unika. Kabla ya msuko wa kwanza nilisali Baba Yetu kimyakimya, midomo ikisogea, na neno moja likiteleza nilianza upya. Niliona kwamba sala iliyokatika inaacha nafasi, na kupitia nafasi hiyo kitu kibaya kitashuka kwenye vidole vyangu hadi kichwani mwa yule mama. Vitana nilivisafisha kwa maji ya chumvi, kikubwa kwanza, kidogo mwisho. Nikikosea mpangilio, nilimwaga maji na kuanza tena. Sikumwambia mtu. Nilijua jambo hilo lingeonekanaje.

Pengine ndiyo sababu nilipenda kusimama pale kizingitini. Kiswahili chake kilikuwa cha katekisimu, kimenyooka kama suruali zake, na alipenda kufundisha hata kama mwanafunzi ni mmoja na ana sinia mikononi.

"Mwanamke anakuja kwa askofu," alisema siku ile, akinyunyizia maji kwenye pindo. "Anasema: usiku ninapanda mnyama, ninaruka mbali pamoja na wanawake wenzangu. Askofu anafanya nini?"

"Anamchoma."

"Unaona? Wote mnajibu hivyo. Hapana. Kwa karne nyingi alimwambia: mama, umeota. Dhambi yako ni kuiamini ndoto. Nenda ukafunge, ule mkate na maji, kisha urudi." Aligeuza suruali. "Kosa lilikuwa ujinga, na ujinga una dawa."

Baadaye, alieleza, zikaja mahakama za Kanisa za kuwatafuta wazushi, yaani Wakristo walioamini kinyume na mafundisho. Majaji wake walikuwa wasomi wenye bidii. Wakamwuliza Papa: na hawa waganga na wapiga ramli, tuwachukue pia? Papa wa wakati ule akajibu kwamba wawaachie majaji wengine. Kazi yao ni imani. Isipokuwa pale uganga unaponuka uzushi waziwazi.

Alipofika hapo Mwalimu aliinua pasi hewani. Alipapenda sana mahali hapo.

"Sasa niambie, binti. Nani ananusa?"

Walionusa ni wasomi. Mtu akimwomba shetani kitu, walisema, amempa heshima ya Mungu. Akimpa heshima hiyo, anamwamini. Akimwamini, ni mzushi, na mzushi ni wetu. Kisha wakaja wengine wakaongeza kwamba hata maneno ya ombi si lazima. Mtu akitumia ishara isiyo na nguvu yake yenyewe, mshumaa, sanamu ya nta, chumvi, basi ameshapatana na shetani bila kutamka lolote.

Aliposema chumvi, nilikumbuka vitana vyangu.

Kulikuwa pia na Papa mwingine, baadaye, ambaye aliishi akiogopa kwamba kuna watu wanatengeneza sanamu zake za nta ili wamuue. Huyu aliwaita wataalamu na kuwauliza: mtu akiibatiza sanamu ya nta, ni mzushi, au ameichezea tu sakramenti? Wataalamu hawakuwa na jibu moja. "Lakini yeye alikuwa anaogopa," Mwalimu alisema, "na mtu anayeogopa hana subira na wataalamu." Alisema hivyo bila kejeli, kama anayemzungumzia ndugu yake.

Kwake yeye, mambo yote yalikuwa ndani ya swali la kwanza. Jaji wa zamani aliuliza: nani amedhurika? Ng'ombe wa nani amekufa, na nani alishuhudia? Jaji mpya aliuliza: wewe ni wa nani? "Lile la kwanza linahitaji ng'ombe," alisema. "La pili halihitaji kitu. Linahitaji kiti, na wewe ukalie." Alikuwa na kawaida ya kuniambia kwamba ukitaka kujua mahakama itaamua nini, usingoje hukumu, sikiliza inaanza kwa kuuliza nini.

Ungedhani mtu wa namna hiyo haogopi uchawi. Aliuogopa kuliko Mama Mdogo. Alikuja kwangu saluni kunyoa, kwa kuwa alisema mkono wangu hauna haraka, na kabla sijawasha mashine alitandika leso kubwa mapajani na nyingine sakafuni. Tukimaliza alikusanya kila unywele, akafunga leso, akaondoka nazo nyumbani kuziteketeza kwenye sinki. Msusi mwenzangu wa kiti cha pili, dada kutoka Bujumbura, hakuacha kumchokoza.

"Mwalimu, hizo mvi unapeleka wapi? Iko soko yake?"

"Iko," alijibu, akifunga fundo. "Lakini bei yake hamuwezi."

Tulicheka sote, yeye pia, na fundo alilikaza mara nyingine. Nilipomwuliza faraghani inakuwaje ajue historia yote ile na bado afanye hivyo, hakukasirika. "Kuamini na kuogopa ni kazi mbili, binti. Moja nilisomea. Nyingine nilizaliwa nayo."

Jumamosi jioni alikwenda misa, kwa Wakatoliki wenzake. Jumapili alikuja kwenye kanisa letu la uamsho, ukumbi wa kukodi juu ya duka la matairi, ambako tulipiga kelele hadi madirisha yakatetemeka. Mtu alimwuliza hasa yeye ni wa wapi. Alisema Jumamosi anapeleka kichwa na Jumapili anapeleka masikio, maana hakuna mahali pengine Durban panapoimbwa Kiswahili cha kwao. Mchungaji alimwonea fahari. Kila alipokuja mhubiri mgeni wa Kifaransa, Mwalimu ndiye alisimama kando yake na kutafsiri, sauti tulivu kando ya sauti ya radi.

Na alitafsiri kwa uaminifu unaotisha. Haongezi, hapunguzi. Kuna Mrundi mmoja wa jengo letu aliyekwenda kuhojiwa ofisi ya wakimbizi. Alikuwa na sababu ya kweli ya kukimbia kwao, ila mtu alimshauri aipambe kidogo, na pambo lile lilikuwa limeshonwa vibaya. Kila aliyesikia aliona uzi. Mwalimu alilitafsiri pamoja na uzi wake. Yule mtu alikataliwa. Akaja kumsubiri kwenye ngazi zetu.

"Weye uko ndugu ya nani?" alimpigia kelele. "Ungenyoosha kidogo tu! Neno moja! Ungekufa?"

Mwalimu alisimama na funguo mkononi hadi yule mtu alipochoka. Nilikuwa nyuma ya mlango wetu. Baadaye nilimpelekea chai, ambayo hakuinywa, na akaniambia: "Nikimnyooshea mmoja, kesho daktari hatajua kama ninamwambia maumivu ya mgonjwa au huruma yangu." Nilimstahi sana siku ile. Nami nilikuwa mtu wa kuanza sala upya kwa ajili ya neno moja. Nilidhani nimempata mtu wa aina yangu.

Sasa nifike kwenye Jumapili yenyewe.

Ilikuwa mwaka uliofuata Kombe la Dunia la hapa Afrika Kusini. Mteja wangu mmoja, mama wa kanisani kwetu, nywele zake za mbele zilikatika hadi ngozi ya kichwa ikaanza kuonekana. Ni kitu kinachotokea misuko ikikazwa mno, na mimi nilikaza, kwa sababu msuko uliolegea niliuona kama uchafu. Lakini katika majuma hayohayo mume wake alikwenda Cape Town kutafuta kazi na akaacha kupokea simu. Siku ya ushuhuda yule mama alisimama ukumbini, akavua kitambaa.

"Mwangalie kichwa yangu! Nilikaa kwa kiti yake, nikaona kwa kioo: kinywa yake inatembea! Inatembea, inasimama, inaanza tena. Nikajiuliza, huyu mtoto iko naongea na nani juu ya kichwa yangu?"

Nilisema kwamba ni Baba Yetu.

"Baba Yetu ya kurudiarudia?" Mchungaji aliuliza kutoka jukwaani. "Mungu iko na masikio mbovu?"

Watu walicheka. Kicheko kile kiliniumiza kuliko vile kilio kingeniumiza, kwa kuwa kilipokwisha hapakuwa na aliyenitazama usoni. Kisha dada wa Bujumbura, kwa nia njema kabisa, akasimama kunitetea. Akasema mimi ni msafi, ninaosha vitana kwa chumvi kila asubuhi.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, Mama Mdogo mbele, mimi nyuma. Alipofika alikwenda moja kwa moja chumbani ambako nililala pamoja na watoto wake wawili, akaliburuta godoro lao hadi sebuleni. Alipomaliza kulitandika alinigeukia.

"Mi sisemi ni weye. Mtume anakuja kutoka Kinshasa, atakuangalia. Kama hakuna kitu, hakuna kitu. Kama iko, utatoka hapa. Mtoto ya dada yangu ao hapana, utatoka."

Nilimwelewa. Nilikuwa nimeona binti mwingine akitoka. Baada ya kutangazwa, hakuna saluni ya Wakongo iliyompokea, hakuna aliyemkodishia hata kitanda. Alionekana mara ya mwisho akiuza viazi mtaa wa Cato Manor, na watu wetu walivuka barabara walipomwona. Mbaya zaidi, kwangu, ilikuwa kwamba sikuwa na hakika. Kila usiku nilijichunguza kama unavyokagua mshono. Nilikuwa namwombea nani? Chumvi ile ilikuwa ya nini, kama si ishara? Mambo aliyonifundisha Mwalimu, yaliyopaswa kunifungua, sasa yalinihoji kwa sauti yake.

Nilikwenda kwake. Mara hii hakunikaribisha kizingitini. Alizungumza akiwa ndani, mlango umefunguliwa nusu.

"Usijibu kwa urefu," alisema.

"Na akiniuliza jambo la kweli?"

"Utajibu. Nami nitatafsiri ulichosema. Unanijua."

Nilimjua. Ndicho kilichoniogopesha.

Mtume, mhubiri mgeni aliyesifika kwa kutambua wachawi, hakutaka kunihoji mbele ya watu. Alinihoji Jumapili alipofika, baada ya ibada, katika chumba kidogo cha kuwekea spika na ngoma, na aliruhusu watu wawili tu: Mama Mdogo kama mlezi, na Mwalimu, kwa kuwa Mtume alijua Lingala na Kifaransa peke yake. Mama Mdogo hakujua hata kimoja. Harufu ya mpira ilipanda kutoka duka la chini. Mtume alikuwa mtu mpole, mwenye viatu vyeupe, na alikunywa soda ya tangawizi kwa mrija. Sikuwa nimejiandaa kwa upole.

Nilingoja aulize nani amedhurika. Nilikuwa tayari kusema kweli, nilikaza misuko, nisamehewe. Hakuuliza. Alimtaja yule mama kidogo tu, kama mtu anayesafisha koo, kisha akaniuliza swali lake la kwanza, na Mwalimu akalileta kwa Kiswahili neno kwa neno:

"Unapokosea ile sala, nani anakuambia uanze tena?"

Ningeweza kusema "hakuna". Mtu yeyote angesema hakuna. Lakini "hakuna" haikuwa sawasawa, na mimi sikuweza kuacha jambo lisilo sawasawa likae. Nikatafuta maneno yanayofanana kabisa na jambo lenyewe, nikayapata.

"Kuna kitu ndani kinaniambia. Si sauti, ila ni kama sauti. Kinasema nisiporudia, mtu atapata madhara."

Nilisikia pumzi ya Mama Mdogo ikikatika. Aliuvuta mkoba wake kifuani. Mtume, ambaye hakuwa ameelewa chochote, alimgeukia Mwalimu, mrija mdomoni.

Mwalimu akasema, kwa sauti ileile ya kila siku: "Elle dit que c'est la peur."

Anasema ni woga. Hayo tu.

"Woga wa nini?" Mtume akauliza kwa Kifaransa. Mwalimu hakunigeukia kuniuliza. Alijibu mwenyewe: wa kukosea.

Nilikuwa najua Kifaransa cha kutosha. Sikuwa nimesema hivyo. Maneno "sivyo nilivyosema" yalinijia hadi kwenye meno, na naapa kwamba nilitaka kuyatoa; kila kitu mwilini mwangu kilitaka kurekebisha. Nilimtazama Mwalimu anipe ishara. Alikuwa anatazama viatu vya Mtume, na jasho lilimtiririka shingoni likaingia kwenye ukosi aliokuwa ameunyoosha kwa pasi. Nikafunga mdomo. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile.

Mtume aliweka chupa chini. Alisema mtoto huyu ana mishipa dhaifu, afunge kidogo, aombewe, na tangu leo sala moja aiseme mara moja, Mungu amesikia. Mwalimu akatafsiri yote, haongezi, hapunguzi. Mama Mdogo alilia kwa furaha. Alikuwa amesikia jibu langu kwa masikio yake, na aliona Mtume mzima analipokea bila kushtuka. Hivyo kwake ikawa si kitu. Jioni ile godoro la watoto lilirudi chumbani.

Baada ya hapo Mwalimu hakutafsiri tena kanisani. Alisema koo linamsumbua. Hospitali na ofisini aliendelea, ila Jumapili ukumbini hakuonekana. Jumamosi alianza kuondoka mapema zaidi, saa ya maungamo. Kwenye kiti changu hakukaa tena. Alitafuta kinyozi wa mbali. Tukikutana kwenye ngazi aliuliza hali yangu kwa heshima, akiwa amesimama kidogo juu au kidogo chini, kamwe si ngazi moja nami. Mimi nilijiambia kwamba anaona aibu kwa uongo alioutamka. Hilo ningeliweza kulielewa.

Miaka michache baadaye, nikiwa nimeshahama kutoka kwa Mama Mdogo na kupata chumba changu, nilimkuta Umbilo Road asubuhi, amekaa kwenye ukuta mfupi karibu na robot, yaani taa za barabarani, sanduku miguuni. Alikuwa anahamia kwa binti yake Pretoria. Alikuwa amekonda. Nilikaa ukutani, si karibu sana.

"Mwalimu, siku ile kwa Mtume. Ulijua kwamba sina kitu?"

Taa zilibadilika, magari yakapita, zikabadilika tena.

"Hapana."

"Ulidhani ninacho?"

"Nilidhani inawezekana. Ulipojibu vile, nywele zilinisimama. Hata leo sijui, binti."

Nilikuwa nimengoja miaka kusikia kwamba mtu mmoja, msomi, aliniona safi. "Basi kwa nini?"

"Kwa sababu ya swali. Maisha yangu yote nafundisha kwamba swali lile halina jibu la kumtoa mtu. Ukisema ndiyo, umekwisha. Ukisema hapana, unaficha. Halafu nikajikuta mimi ndiye nalibeba, nalitoa kwa mmoja nalipeleka kwa mwingine, kwa Kiswahili safi." Alifuta paji la uso. "Nikaogopa kulibeba kuliko nilivyokuogopa wewe. Kidogo tu. Usifikiri tofauti ilikuwa kubwa."

"Na sasa unaniogopa?"

"Sasa naogopa zaidi. Umeuliza, nami sitadanganya mara ya pili." Alitabasamu, lakini hakusogea.

Taxi ya mjini, basi dogo la abiria, ilisimama ikipiga honi. Nilitaka kumwambia aende kwa amani, kwamba sina kitu. Nikalipima neno. "Sina kitu" haikuwa sawasawa. Kile cha ndani kilikuwa bado kipo, asubuhi hiyohiyo kilinirudisha chumbani kuangalia kama nimefunga bomba. "Sijamdhuru mtu" nayo ningejuaje? Dereva alipiga honi tena, na mtu ndani akapaza sauti kwa Kizulu, "Mkhulu, woza!", yaani mzee, njoo. Mwalimu alishika sanduku, akaweka mguu mmoja ndani.

"Hata mimi sijui, Mwalimu," nikasema.

Alisimama pale mlangoni, abiria wakilalamika nyuma yake, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu chumba kile cha spika.

"Usimjibu mtu mwingine hivyo," alisema. "Mtu yeyote." Akaingia, na mlango ukavutwa.